Pengo Katika Fani: Tajiriba ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na Usasa katika Fasihi ya Kiingereza

Ikisiri

Makala hii inachunguza uhusiano kati ya tajiriba ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia (1914–1918) na fasihi ya Kiingereza ya mkondo wa usasa. Mara nyingi uhusiano huo huelezwa kwa ufupi kwamba vita viliivunja dunia ya zamani, na waandishi nao wakavunja fani za zamani. Makala inabainisha kuwa maelezo hayo yana kasoro mbili. Kwanza, mbinu nyingi zinazotajwa kuwa alama za usasa zilikuwapo kabla ya Agosti 1914. Pili, wengi wa walioishi mahandakini waliendelea kutumia fani za kurithi, ilhali wengi wa waliozivunja hawakufika mstari wa mbele. Kwa kusoma kazi teule za Wilfred Owen, Virginia Woolf, T. S. Eliot, Ford Madox Ford na David Jones, inadaiwa kwamba vita havikuzaa fani mpya bali viliipa fani iliyokwisha kuzaliwa jukumu jipya: kubeba kifo ambacho msemaji hakukiona. Sehemu ya mwisho inaipima hoja hiyo kwa kuitazama vita hiyohiyo ilivyopiganwa Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme nchini Ufaransa, jeshi la Uingereza lilipata hasara ya watu 57,470, na kati yao 19,240 walipoteza maisha. Wakati huo mamlaka zilikuwa zimekwisha kuamua kwamba maiti za wanajeshi hazitarejeshwa nyumbani. Waliopatikana walizikwa karibu na mahali walipoangukia, na wengi hawakupatikana kabisa. Mnara wa Thiepval, uliozinduliwa mwaka 1932, una majina ya watu zaidi ya 72,000 waliopotea katika eneo la Somme bila kaburi linalojulikana.

Kwa familia iliyokuwa Uingereza, basi, kifo kilifika kama karatasi. Ilikuja telegramu au fomu ya jeshi, kisha, kwa waliobahatika, barua ya kamanda au kasisi iliyoeleza kwamba marehemu hakuteseka. Askari mwenyewe, alipotaka kuwajulisha nduguze kuwa yu hai, alipewa kadi ya posta iliyokwisha kuchapwa sentensi. Kazi yake ilikuwa kufuta zisizomhusu na kutia saini. Kadi ilionya kwamba neno lolote la ziada lingesababisha iharibiwe. Maiti haikuonekana, kaburi halikuzurika kwa urahisi, na maneno yaliyojaza nafasi hiyo yalikuwa yametungwa na mtu mwingine.

Swali linaloongoza makala hii linatokana na hali hiyo. Je, mbinu za usasa, yaani usimulizi unaorukaruka wakati, mtiririko wa fahamu, vipande visivyounganishwa na matukio makuu yanayosimuliwa kwa mkato, zina uhusiano gani na tajiriba ya vita? Swali hili si la historia tupu. Jibu lake huamua namna msomaji anavyofasiri kimya cha kazi za kisasa kuhusu vita. Mtu anaweza kukiona kimya hicho kuwa ni kutojali kwa watu waliokaa mbali na hatari, au kuwa ni njia ya kusema ukweli kuhusu umbali huo. Tofauti ya fasiri hizi mbili ni kubwa, kwani inahusu nani ana haki ya kuwasemea waliokufa.

2.0 Mapitio ya Kazi Tangulizi

Mjadala kuhusu suala hili una mikabala mikuu mitatu. Wa kwanza unawakilishwa na Paul Fussell katika kitabu chake cha mwaka 1975, The Great War and Modern Memory. Fussell anadai kwamba kejeli iliyotokana na tofauti kati ya matumaini ya mwaka 1914 na yaliyotokea mahandakini ndiyo iliyoitengeneza fikra ya kisasa. Samuel Hynes, mwaka 1990, aliendeleza mwelekeo huo kwa kuonesha jinsi jamii ya Waingereza ilivyoviona vita kuwa ufa uliotenga enzi mbili.

Mkabala wa pili ni wa Jay Winter, ambaye mwaka 1995 alipinga wazo la ufa huo. Kwa Winter, watu waliofiwa hawakukimbilia fani mpya. Walirudi kwenye dini, sanaa ya makaburi, nyimbo na taswira za jadi, kwa sababu hizo ndizo zilizoweza kufariji. Usasa uliweza kuonesha hasira na mvunjiko, lakini haukuwa na uwezo huohuo wa kuponya.

Mkabala wa tatu unachunguza lugha yenyewe. Vincent Sherry, mwaka 2003, alihusisha sintaksia ya Eliot, Pound na Woolf na hotuba za wanasiasa wa chama cha Kiliberali ambao walitumia mantiki nzuri kuhalalisha jambo lisilo na mantiki. Allyson Booth, mwaka 1996, alikuwa ameonesha kuwa kukosekana kwa maiti katika maisha ya raia wa Uingereza kuliacha alama katika riwaya za kipindi hicho.

Makala hii inakubaliana na Winter kwamba vita havikufuta jadi, na inamfuata Booth katika kuupa uzito umbali kati ya raia na maiti. Hata hivyo, mikabala hiyo haijaeleza vya kutosha kwa nini mwandishi mmoja aliyeviona vita alichagua fani ya kurithi na mwingine aliyeviona pia akachagua fani ya usasa. Hilo ndilo pengo ambalo usomaji ufuatao unalenga kulijaza.

3.0 Usasa Kabla ya Agosti 1914

Ni muhimu kuanza na kronolojia, kwa kuwa ndiyo inayodhoofisha dai kwamba vita vilizaa usasa. T. S. Eliot alikamilisha shairi lake la Prufrock mwaka 1911, ingawa lilichapishwa mwaka 1915. Kanuni za washairi wa mkondo wa taswira, zilizosisitiza lugha ya mkato na kuachana na mapambo, zilichapishwa katika jarida la Poetry la Chicago mwezi Machi 1913. Riwaya ya James Joyce kuhusu ujana wa msanii ilianza kutoka kwa vipande katika jarida la The Egoist mwezi Februari 1914. Jarida la Blast la Wyndham Lewis, lililotangaza vita dhidi ya ladha ya karne iliyopita, lilitoka katikati ya mwaka 1914, wiki chache kabla ya vita halisi.

Mfano ulio bora zaidi ni wa Ford Madox Ford. Riwaya yake The Good Soldier, yenye msimulizi asiyeaminika anayerudi nyuma na kwenda mbele bila kufuata mpangilio wa wakati, ilichapishwa mwaka 1915, na sehemu yake ya mwanzo ilikuwa imeonekana katika Blast mwaka uliotangulia. Ford alijiunga na jeshi baada ya riwaya hiyo kutoka. Kwa hiyo, usimulizi uliovunjika haukuwa kwake matokeo ya kombora. Alikuwa nao tayari alipoingia vitani.

Kinachodhihirika ni kwamba vita vilipofika vilikuta zana zimekwisha kufuliwa. Vilevile, baadhi ya wafuaji wa zana hizo waliuawa. Mchongaji Henri Gaudier-Brzeska aliuawa nchini Ufaransa mwezi Juni 1915, na toleo la pili la Blast, la Julai 1915, lilibeba habari ya kifo chake pamoja na maandishi yake kutoka mahandakini. T. E. Hulme, ambaye mawazo yake yaliathiri sana ushairi wa taswira, aliuawa nchini Ubelgiji mwezi Septemba 1917. Kundi lililotumia neno "vita" kama sitiari ya sanaa lilijikuta likiishi maana yake halisi, na jarida lenyewe halikutoa toleo la tatu.

4.0 Shahidi na Fani ya Kurithi

Iwapo vita vyenyewe ndivyo vilivyovunja fani, ingetarajiwa kwamba mvunjiko uonekane kwanza kwa waliokuwa karibu navyo. Hali haikuwa hivyo. Siegfried Sassoon alitumia vina vya kawaida na beti za kejeli ambazo msomaji wa magazeti angezielewa mara moja. Wilfred Owen alitumia soneti, umbo lenye mishororo 14 lililorithiwa kwa karne nyingi, na msamiati wake una athari ya wazi ya Keats.

Uchaguzi huo una sababu. Shahidi anahitaji kuaminiwa, na ili aaminiwe ni lazima azungumze kwa lugha ambayo wasikilizaji wake tayari wanaikubali. Mwezi Julai 1917 Sassoon alitoa tamko la kupinga kuendelezwa kwa vita, nalo likasomwa bungeni. Badala ya kushtakiwa, alipelekwa katika hospitali ya Craiglockhart, karibu na Edinburgh, kama mgonjwa wa mshtuko wa makombora. Tukio hilo linaonesha jinsi ilivyokuwa rahisi kuubatilisha ushahidi kwa kuuita ugonjwa. Mshairi aliyetumia lugha ya vipande angewarahisishia kazi waliotaka kumwona kuwa amechanganyikiwa. Soneti iliyopangika vizuri, kinyume chake, ilikuwa uthibitisho wa akili timamu.

Hata hivyo, fani ya kurithi haikubaki salama mikononi mwa Owen, ambaye alikutana na Sassoon Craiglockhart mwezi Agosti 1917. Owen alitumia vina ambavyo konsonanti zake hulingana ilhali vokali hubadilika. Kwa mfano wa Kiswahili, ni kama kumalizia mshororo mmoja kwa neno "kata" na unaofuata kwa neno "kuta". Sikio linatarajia ukamilifu na kunyimwa. Katika shairi la Strange Meeting, ambamo askari anakutana kuzimu na adui aliyemuua, mbinu hiyo inaoana na maudhui: watu wawili wanaofanana kwa kila kitu isipokuwa sare zao hawawezi kuafikiana kikamilifu. Owen aliuawa tarehe 4 Novemba 1918, juma moja kabla ya silaha kuwekwa chini. Mashairi machache tu yalikuwa yamechapishwa uhai wake, na mkusanyiko wa kwanza ulitoka mwaka 1920.

Mvutano kati ya shahidi na wahakiki wa fani ulijitokeza wazi mwaka 1936, W. B. Yeats alipohariri mkusanyiko wa ushairi wa kisasa wa Kiingereza na kumwacha Owen nje. Sababu aliyoitoa ilikuwa kwamba mateso ya kupokea tu, yasiyo na tendo, hayafai kuwa mada ya ushairi. Uamuzi huo haukuwa wa ladha pekee. Uliamua ni tajiriba ipi ingehesabiwa kuwa sehemu ya fasihi na ipi ingebaki kuwa kumbukumbu.

5.0 Fani ya Aliyebaki Nyumbani

5.1 Virginia Woolf: Kutoka Kimya hadi Pengo

Mwaka 1919 Virginia Woolf alichapisha Night and Day, riwaya ndefu ya mapenzi na ndoa iliyofuata kwa kiasi kikubwa utaratibu wa jadi. Katherine Mansfield, ambaye kaka yake aliuawa nchini Ubelgiji mwezi Oktoba 1915 katika ajali ya mafunzo ya guruneti, aliisoma kwa masikitiko. Katika barua kwa mumewe alilalamika kwamba riwaya hiyo iliandikwa kana kwamba vita havikuwahi kutokea, na kwamba huo ulikuwa uongo wa nafsi. Kwa Mansfield, kosa halikuwa kukosekana kwa matukio ya vita, kwani yeye mwenyewe hakudai hadithi za mahandakini. Alidai kuwa baada ya vita hata meza ya chai haiwezi kusimuliwa kama ilivyosimuliwa zamani.

Woolf hakuwa mbali na msiba. Mwezi Novemba 1917 shemeji yake, Cecil Woolf, aliuawa nchini Ufaransa na kombora lilelile lililomjeruhi nduguye Philip. Mwaka uliofuata Virginia na mumewe Leonard walichapisha mashairi ya Cecil katika mtambo wao mdogo wa Hogarth. Pamoja na hayo, Virginia hakuwa shahidi, na riwaya yake ya mwaka 1922, Jacob's Room, inaligeuza jambo hilo kuwa msingi wa fani. Mhusika mkuu, Jacob Flanders, ana jina la ukoo linalotaja uwanja wa vita wa Ubelgiji. Msomaji humwona kupitia macho ya watu wanaokutana naye kwa muda mfupi: abiria wa garimoshi, wapenzi, mama yake. Kifo chake hakisimuliwi. Katika ukurasa wa mwisho kuna chumba chake, barua zilizotawanyika, na mama anayeuliza afanye nini na jozi ya viatu vya mwanawe.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba Jacob ni askari wa vita na hakuna zaidi. Wasifu wa Woolf unazuia wepesi huo, kwani mhusika huyo pia anabeba sura ya kaka yake Thoby, aliyekufa kwa homa ya matumbo mwaka 1906. Msiba wa kifamilia wa kabla ya vita ulipata umbo lake baada ya vita, wakati ambapo maelfu ya nyumba zilikuwa na chumba kitupu cha namna hiyo. Mwaka 1920 mnara wa kudumu wa Cenotaph, neno la Kigiriki lenye maana ya kaburi tupu, ulisimamishwa jijini London. Riwaya na mnara vinatumia kanuni moja, ya kuheshimu aliyekosekana kwa kuliacha pengo lake lionekane.

Katika To the Lighthouse (1927) kanuni hiyo inafikia kilele. Sehemu ya kati ya riwaya inasimulia miaka kumi ya nyumba isiyo na watu, na vifo vya wanafamilia vinatajwa kwa sentensi fupi ndani ya mabano ya mraba. Kifo cha Andrew Ramsay, kijana aliyeuawa na kombora Ufaransa, ni kimoja kati yao. Wahakiki wengi wameeleza mabano hayo kuwa njia ya kuushusha hadhi ukatili wa historia mbele ya wakati. Usomaji wa karibu unaonesha jambo la ziada. Kilichomo ndani ya mabano si sauti ya kawaida ya msimulizi. Idadi ya waliokufa pamoja na Andrew inakadiriwa tu, na msomaji anafarijiwa kwamba kifo chake kilikuwa cha papo hapo. Hiyo ndiyo lugha ya barua za rambirambi za jeshi. Mabano, kwa hiyo, yanafanya kazi kama bahasha, yanabeba habari kama ilivyofika nyumbani, kwa maneno ya mtu mwingine, bila kudai kuona zaidi ya hapo.

Mrs Dalloway (1925) inatumia njia tofauti kufikia lengo hilohilo. Septimus Warren Smith, askari aliyerejea, anaugua mshtuko wa makombora. Jina la maradhi hayo lilikuwa limeingia katika maandishi ya kitabibu mwaka 1915 kupitia makala ya Charles Myers katika jarida la The Lancet, na mwaka 1922 kamati ya Wizara ya Vita ilitoa ripoti yake kuyahusu. Madaktari wa Septimus wanamtaka awe na kiasi na kujitawala, naye anajiua. Clarissa Dalloway, mke wa mbunge, hajawahi kumwona. Anakisikia kifo hicho katika karamu yake, kutoka kwa mke wa daktari yuleyule aliyeshindwa kumsaidia. Riwaya nzima inaelekea kwenye wakati huo ambapo habari ya mateso inamfikia mtu asiyeyashuhudia, na swali la kimaadili ni atafanya nini na habari hiyo. Clarissa anajitenga kidogo, anakifikiria kifo hicho, kisha anarudi kwa wageni. Woolf hamsifu wala hamlaani, na kwa kutofanya hivyo anamwachia msomaji wa nyumbani kioo.

5.2 T. S. Eliot: Vita kama Uvumi

Eliot, Mmarekani aliyeishi London, alijaribu kuingia jeshi la majini la nchi yake mwaka 1918 bila kufanikiwa. Wakati wote huo alikuwa mfanyakazi wa benki ya Lloyds. Rafiki yake Jean Verdenal, daktari Mfaransa, aliuawa Dardanelles mwaka 1915, na diwani ya kwanza ya Eliot, ya mwaka 1917, ilitolewa kwa heshima ya rafiki huyo.

Shairi refu la The Waste Land (1922) limeitwa mara nyingi sauti ya kizazi cha vita, lakini vita vyenyewe havisimuliwi humo. Umati wa wafanyakazi unaovuka daraja la London unaelezwa kwa taswira ya wafu wa Dante. Msemaji anamwita mtu aliyekuwa naye katika mapigano ya majini, lakini mapigano anayoyataja ni ya Mylae, ya mwaka 260 kabla ya Kristo. Mahali pekee ambapo vita vya wakati huo vinajitokeza waziwazi ni katika soga za kilabuni, wanawake wanapozungumzia mume aliyeruhusiwa kutoka jeshini baada ya miaka minne. Vita vinafika katika shairi kama vilivyofika kwa karani wa benki: kwa uvumi, kwa jina la mtu mwingine, kwa historia inayosimama badala ya tukio. Vipande vya shairi hilo si picha ya uwanja wa mapigano. Ni picha ya akili inayokusanya habari ambazo haiwezi kuziunganisha.

6.0 Kipimo cha Hoja: Askari Waliokuwa Wanausasa

Hoja iliyojengwa hadi sasa inaweza kupingwa kwa kuwataja waandishi waliopigana na bado wakatumia fani ya usasa. Wawili kati yao wanafaa kuwa kipimo.

Ford alikuwa ofisa nchini Ufaransa mwaka 1916. Wakati wa mapigano ya Somme, mlipuko wa kombora ulimfanya apoteze kumbukumbu kwa muda. Riwaya zake nne zinazojulikana kwa pamoja kama Parade's End zilitoka kati ya mwaka 1924 na 1928. Mhusika wake mkuu, Christopher Tietjens, naye anapoteza kumbukumbu, na habari za kilichompata zinamfikia msomaji kwa kuchelewa, kupitia mazungumzo na mbinu rejeshi. Mbinu ambayo mwaka 1915 ilimsaidia Ford kuonesha udanganyifu katika ndoa sasa ilimsaidia kumwonesha shahidi aliyenyang'anywa ushahidi wake.

David Jones alikuwa askari wa kawaida na alijeruhiwa katika msitu wa Mametz mwezi Julai 1916. Kitabu chake In Parenthesis, yaani ndani ya mabano, kilichapishwa mwaka 1937. Kinachanganya nathari na ushairi, lugha ya mtaani ya London na Wales, na utenzi wa kale wa Y Gododdin. Askari John Ball anafuatwa kutoka mafunzoni mwaka 1915 hadi anapojeruhiwa msituni. Jones alieleza kwamba jina la kitabu linatokana na hisia kuwa vita vilikuwa kama nafasi iliyowekwa mabanoni. Ni jambo la kuzingatia kwamba alama ileile ya uandishi ilimfaa raia Woolf na askari Jones, japokuwa waliitumia kwa njia zinazokinzana. Woolf alikifunga kifo ndani ya mabano na kuuacha uhai uendelee nje. Jones aliyapanua mabano hadi yakawa kitabu kizima.

Waandishi hawa wawili hawaibomoi hoja bali wanairekebisha. Kinachoamua fani si mahali mwandishi alipokuwa vitani, bali umbali kati yake na tukio wakati anapoandika. Owen aliandika akiwa bado askari, akiwa na lengo la kuwashawishi walio hai. Ford alitenganishwa na tajiriba yake na usahaulifu, na Jones na takribani miaka 20. Wote wawili walikuwa wamegeuka wageni kwa nafsi zao za zamani. Mary Borden, Mmarekani aliyeendesha hospitali ya uwanjani nyuma ya mstari wa Wafaransa, anaifanya picha kuwa ngumu zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya vipande vya The Forbidden Zone (1929) iliandikwa wakati wa vita. Hata hivyo, naye aliwapokea wanaume baada ya tukio; aliona majeraha bila kuyaona mapigano. Umbali wake ulikuwa wa kilomita chache, lakini ulikuwapo.

7.0 Pengo Lisilo na Jina: Uwanja wa Afrika Mashariki

Kazi zilizojadiliwa zinahusu Ulaya, lakini vita vilipiganwa pia Afrika Mashariki, na huko hoja hii inakutana na mpaka wake. Francis Brett Young, daktari wa jeshi la Uingereza katika kampeni ya mwaka 1916 dhidi ya Wajerumani, alichapisha Marching on Tanga mwaka 1917. Ni simulizi ya safari inayofuata mpangilio wa wakati. Mwandishi ni shahidi, na kama mashahidi wengi alitumia fani ya kurithi. Wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi hayo walikufa kwa makumi ya maelfu, hasa kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limebaki kutokana na kikosi chao.

Mwaka 1927, mwaka uleule To the Lighthouse ilipotoka, sanamu ya Askari ilizinduliwa Dar es Salaam. Maneno yake, yaliyotungwa na Rudyard Kipling na kuwekwa pia kwa Kiswahili, yanawataja wapagazi pamoja na askari. Yanawataja kwa jumla, si kwa majina. Mwaka 2021 kamati iliyoundwa na tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Hapa panadhihirika sharti ambalo fani ya pengo hulitegemea bila kulitamka. Chumba cha Jacob kinaumiza kwa sababu kina jina mlangoni. Mabano ya Andrew Ramsay yanafanya kazi kwa sababu msomaji amekwisha kumjua kijana huyo mezani kwa mama yake. Mpagazi asiyeorodheshwa hana chumba wala barua, na kumwachia pengo ni kurudia walichokifanya makarani wa jeshi. Huenda ndiyo maana Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipoirudia kampeni hiyo katika Afterlives (2020), hakuchagua vipande wala mabano. Alichagua usimulizi mtulivu unaowapa wahusika ukoo, kazi, mapenzi na uzee, na kuumaliza kwa mtu anayepekua nyaraka za Ujerumani akitafuta hatima ya mjomba wake. Panapokosekana jina, kazi ya kwanza ya fasihi ni kulijaza pengo kabla ya kulionesha.

8.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba vita havikuwa chanzo cha mbinu za usasa katika fasihi ya Kiingereza, kwa kuwa mbinu hizo zilivitangulia. Vita vilizipa kazi. Shahidi aliyeandika karibu na tukio alihitaji fani ambayo wasomaji waliiamini. Aliyetenganishwa na tukio kwa bahari, kwa usahaulifu au kwa miaka alihitaji fani inayokiri utengano huo. Kwa msingi huo, kimya cha Woolf na Eliot kuhusu mahandaki hakipaswi kuhesabiwa moja kwa moja kuwa kutojali, wala vina vya Owen kuhesabiwa kuwa kushindwa kwenda na wakati. Kila upande ulijibu swali la haki ya kusema kwa kadiri ya mahali uliposimama.

Aidha, uwanja wa Afrika Mashariki unaonya dhidi ya kuifanya fani ya pengo kuwa kipimo cha jumla cha maandishi ya vita. Pengo ni heshima kwa yule ambaye jina lake limehifadhiwa. Kwa watafiti wa fasihi ya Kiswahili na ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, hatua inayofuata ni kuchunguza namna tenzi, nyimbo na masimulizi ya mdomo yalivyowahifadhi, au yalivyoshindwa kuwahifadhi, watu wa Kariakoo ambao hakuna karatasi iliyowapelekea ndugu zao habari.